Kidimbwi cha Madam Grace na Karatasi ya Greenhouse

Ijumaa iliyopita nilirudisha neti, brashi na ufunguo wa chumba cha pampu, nikatoka kwa lango dogo la nyuma kama mtu anayeenda kununua maziwa, nikashuka zangu nyumbani Kawangware. Ninyi wenzangu mnaoshika neti sasa mmeniomba niandike ninayoyajua, hasa hii habari ya kufunika maji, kwa sababu kila nyumba huko Lavington siku hizi inataka kifuniko na hakuna anayewaeleza kifuniko kinafanya nini. Nitaandika. Mshahara sitautaja, na vyeo havikuwepo, isipokuwa kile cha "Mama Pool" nilichopewa na askari wa lango bila barua. Lakini siwezi kuandika juu ya kifuniko bila kuandika juu ya Mzee Ouma, na juu ya jambo nililomtendea, ambalo sijawahi kumwambia yeyote kati yenu.

Sikuanza na maji ya kidimbwi. Nilianza na maji ya karai. Nilikuwa mama wa kufua, Jumanne na Ijumaa, kwa Madam Grace, mwanamke wa ofisi aliyeishi peke yake na mbwa mmoja. Daktari alikuwa amemwambia aogelee kila asubuhi kwa sababu ya mgongo. Siku ya kwanza nilipopeleka nguo kwenye kamba za nyuma, nikayaona yale maji, nikasimama na beseni mkononi mpaka mpishi akaniuliza kama nimeona nyoka. Kwenye ploti yetu karibu na 56, kile kituo cha matatu cha Kawangware, mfereji ulitoa maji siku mbili kwa wiki, na siku hizo hakuna aliyekwenda popote. Tulijaza mitungi, tukaifunika, tukatia na kipande cha nailoni chini ya kifuniko ili isiingie hata pumzi. Sasa hapa palikuwa na maji mengi kuliko niliyowahi kuyaona mahali pamoja tangu nitoke nyumbani, yamelala wazi chini ya jua, hakuna anayepanga foleni, na ni safi mpaka unahesabu vigae vya chini. Nilishangaa, na kusema kweli mshangao ule haujaniisha.

Aliyeyatunza ni Mzee Ouma. Alitoka Kambi Muru, kule Kibera, akitembea kwa miguu kila asubuhi, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Kazi aliijulia hotelini Kisumu. Hakuwa msemaji, lakini aliponiona nimesimama kila wiki nikimtazama badala ya kukamua mashuka, alinipa ile neti siku moja bila kuniuliza, akaketi kwenye kigogo akanyoosha goti lake bovu. Nadhani goti ndilo lililonipa shule.

Nilijifunza huku nguo zikichuruzika. Majani huondolewa asubuhi kabla upepo haujayazamisha. Kuta husuguliwa kutoka juu kwenda chini, polepole, uchafu usipae. Kile kikapu kilicho kwenye mdomo wa kufyonzea hufunguliwa kila siku, na usiingize mkono kabla hujaangalia, maana mimi niliwahi kumshika chura. Kuna vichupa viwili vya kupimia: matone mekundu yanakuambia kama maji ni makali au yamepoa, matone ya manjano yanakuambia kuna klorini kiasi gani. Mzee Ouma aliinua vile vichupa kwenye mwanga kama daktari anavyoinua picha ya mfupa, akafumba jicho moja.

"Macho yako yanaweza kukudanganya, Mama Brayo," aliniambia. "Maji ikiwa blue si kusema iko sawa. Pima."

Klorini aliitia jioni, jua likiisha kushuka. Nilipomuuliza sababu alisema jua linakula klorini. Nilicheka. Nikamwambia sijaona jua likila dawa. Siku iliyofuata alitia asubuhi makusudi, tukapima saa nne, tukapima tena saa tisa, na ile rangi ya manjano ilikuwa imefifia hadi ikawa kama maji ya kusuuzia kikombe. Sikucheka tena. Nilitazama juu, nikalitazama jua kama mtu niliyeishi naye miaka yote bila kumjua.

Kisha ukaja mwaka wa kiangazi. Mvua za masika zilikataa, maji ya mfereji yakawa ya zamu hata kule kwa matajiri, na Madam Grace akawa anaagiza maji ya lori. Kila akijaza, wiki ikiisha yalikuwa yameshuka tena. Mstari wa vigae ulikuwa wazi, unaonyesha vidole vitatu, wakati mwingine vinne. Madam alianza kusimama dirishani.

Sasa Mzee Ouma alikuwa na desturi moja. Klorini huja katika ndoo nzito za plastiki, zenye kifuniko kinachobana sawasawa. Ikiisha, ndoo hiyo ni mali kwa mtu wa Kibera. Ukiisuuza siku tatu na kuianika, hakuna chombo bora cha kuwekea unga, wala nguo za mtoto, panya hafui dafu. Kila ilipoisha moja alitoka nayo, amefunga kifuniko, ameishika kwa mpini. Madam alimwona dirishani akipita lango na ndoo iliyofungwa.

Aliniita jikoni, nikiwa na pini za nguo mdomoni.

"Mama Brayo, wewe si ndio uko huku nyuma siku za kufua? Umeona Ouma akitoka na nini?"

"Nimemwona akitoka na ndoo, Madam."

"Imefunikwa?"

"Imefunikwa."

Hayo tu. Sikuongeza, sikupunguza. Sikusema "sijui ndani kuna nini", maana sikuulizwa. Kisha akaitwa Mzee Ouma, nami nikiwa bado nimesimama pale.

"Ouma, maji yangu inaenda wapi?"

"Madam, hiyo maji haijaenda na mimi."

"So imeenda na nani?"

Mzee Ouma alifikiri kidogo. Kisha akainua kidole akaonyesha mbinguni. "Imeenda juu," alisema.

Madam alidhani anachezewa. Uso wake ulibadilika, akamwambia avue gambuti za kazi aziache pale pale, na asionekane tena. Nami, niseme ukweli, nilidhani mzee amekosa la kujitetea. Alitoka na viatu vyake mkononi, hakumtazama mtu. Wiki iliyofuata nilipewa neti, kwa kuwa Madam hakuwa na muda wa kutafuta mwingine na mpishi alimwambia naijua kazi.

Ndoo yangu ya kwanza ya klorini iliisha baada ya mwezi mmoja na kitu. Nikaisuuza, nikaifunga kifuniko, nikaishika kwa mpini kuipeleka nyumbani, kwa sababu majirani wote wa ploti walikuwa wameshaiomba. Nilipofika langoni nikasimama. Ilikuwa nyepesi kabisa. Nilijua papo hapo kilichokuwa ndani ya ndoo za Mzee Ouma: hakuna kitu. Ningeweza kugeuka nikamwambie Madam. Mwanangu Brayo alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule, nami nilikuwa na kazi ya kila siku kwa mara ya kwanza maishani. Sikugeuka. Nilinyamaza siku hiyo, nikanyamaza miaka saba.

Habari za Mzee Ouma nilizipata kwa vipande. Alijaribu nyumba nyingine lakini wenye nyumba wana simu, na Madam alikuwa amewapigia wenzake. Hakuna aliyetaka mwizi wa maji wakati wa kiangazi. Akaanza kutengeneza majiko ya mkaa mlangoni pake, akikata bati na kugonga. Nilijiambia nitamtembelea. Kila Jumapili ilikuwa na sababu yake.

Katika miaka hiyo saba nikawa fundi kamili, na nyumba mbili za jirani zikaniomba pia. Niliweza kujua pampu ina hewa kwa kuisikiliza tu kupitia ukuta. Niliweza kunusa maji nikajua usiku huo walikuwa na wageni. Jambo moja niliendelea kulikwepa, nalo ni ule mstari wa vigae. Kila msimu wa ukavu ulishuka, mvua zikija ukapanda, na mimi nilijaza kimyakimya nikiomba Madam awe na shughuli nyingi.

Kisha kikaja kiangazi kingine, kibaya kuliko kile. Upepo ulivuma mchana kutwa na hakukuwa na wingu. Maji yalishuka vidole vitatu kwa wiki. Lori la maji lilianza kuja tena, na dirishani pakaanza kusimama mtu. Nilikuwa nimetoka na ndoo tupu wiki hiyo hiyo. Ilipofika Ijumaa, Madam aliniita. Hakupaza sauti, afadhali angepaza.

"Mama Brayo, hata wewe?"

Niliweka neti chini.

"Ouma alinifanyia hii kitu. Nikakuamini wewe. Nakupa hadi wiki ijayo unieleze maji inaenda wapi. Ukishindwa, uache keys kwa askari."

Sasa nilijua jinsi inavyokuwa. Unasimama pale na mikono yako mitupu na hakuna unachoweza kuonyesha, kwa sababu mtu hawezi kuonyesha kitu ambacho hakuchukua. Na ningefukuzwa, nyumba zote tatu zingejua ifikapo Jumatatu. Jumapili nikatoka kanisani nikaenda Kambi Muru.

Nilimkuta anagonga bati, kofia ile ile kichwani. Alinitazama, akaweka nyundo chini.

"Sasa, Mama Brayo."

"Poa, Mzee. Habari ya hapa?"

"Hapa tuko tu. Kaa."

Alinisogezea kibao. Mke wake alitoa kichwa mlangoni akanisalimia kisha akarudi ndani kuwasha jiko. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, lakini nilipofungua kinywa lilitoka moja tu.

"Mzee, maji inashuka."

"Vidole ngapi?"

"Vitatu kwa wiki. Na upepo ni mwingi."

"Umeweka ndoo?"

Nilidhani ananipiga kijembe. La, hakuwa nacho. Alichukua kipande cha mkaa akanichorea kwenye bati. Jaza ndoo nusu kwa maji ya kidimbwi chenyewe. Itie jiwe zito ndani, uisimamishe kwenye ngazi ya kwanza, nusu yake iwe imezama. Maji ya ndani yawe sawa na maji ya nje. Weka alama ndani, weka alama nje, kisha usiguse kitu kwa siku tatu.

"Kama pool inavuja, ama kuna mtu anachota, ya nje itashuka kushinda ya ndani," alisema. "Zikishuka sawasawa, hakuna mwizi. Ni jua na upepo."

"Mzee, ulijua hii kitu time hiyo yote? Mbona hukumwonyesha Madam?"

Aliokota nyundo. "Mtu akikuita mwizi, utaanza kumwekea ndoo?"

Nilikunywa chai ya mke wake, nikaaga. Lile neno jingine, la mimi na ile ndoo iliyofunikwa, nilitoka nalo vile nilivyoingia nalo.

Jumanne nilimwomba Madam rangi yake ya kucha. Nikaweka ndoo kwenye ngazi, nikachora mstari mwekundu ndani na mwingine nje, yeye akitazama. Kisha nikampa funguo zote. Nikamwambia afunge lango dogo kwa kufuli yake mwenyewe, asiogelee, mimi sitakanyaga pale mpaka Ijumaa. Alizipokea.

Siku tatu zile nilizipitishia 56 nikisaidia jirani kupanga mitumba, na sikumbuki nguo hata moja niliyoikunja. Je, ikiwa kidimbwi kina ufa kweli? Ya nje ingeshuka zaidi, na nani angeniamini kwamba ni ufa? Ijumaa nilipofika nilimkuta Madam Grace amepiga magoti ukingoni, na nguo zake za ofisi, ameshika rula. Amepima ndani, amepima nje, anapima tena.

"Ni sawa," alisema, kama mtu anayejisemea. "Ni sawa kabisa. So imeenda wapi?"

"Imeenda juu, Madam."

Maneno yalitoka kabla sijayapima. Tuliyasikia sote wawili, na sote tulikumbuka nani aliyasema kwanza. Madam aliketi pale pale kwenye vigae vilivyolowa.

Mimi nilitazama juu. Anga lilikuwa tupu, halina hata uzi wa wingu. Nikafikiria maji yale yote, ambayo yangejaza mitungi ya ploti yetu nzima, yamepanda mbele ya macho yetu, mchana kweupe, bila sauti, kupita juu ya ua na kamba za nguo, na hakuna aliyeyaona. Nilikuwa nimefanya kazi kando yake miaka saba. Nilihisi woga, ule woga wa kanisani.

Hapo ndipo kifuniko kilipoingia. Madam alitaka kuagiza cha dukani lakini kingechukua muda mrefu kufika, na maji hayakuwa na subira. Nikaenda kwa Wanjiru wa 56, anayeshona mahema na maturubai ya malori. Turubai lingezama. Tulichagua karatasi ya greenhouse, ile nailoni nene ya wakulima wa nyanya, kwa sababu inaelea na jua haliichani upesi.

"Ni tent ya harusi ama ya matanga?" Wanjiru aliniuliza.

"Ni ya maji."

"Hata maji siku hizi inaoa?"

Aliunganisha vipande kwa pasi ya moto, gazeti kuukuu likiwa kati ya pasi na nailoni zisishikane, na pembeni tukafunga paipu za plastiki zilizozibwa ncha, ziishikilie isipeperuke. Tulipoitandaza, mimi, mpishi na mtunza bustani, ilikaa juu ya maji kama utando wa maziwa yaliyochemka.

Asubuhi ya pili niliinua pembe moja nikachungulia. Upande wa chini ulijaa matone, maelfu, yamening'inia yakimetameta. Yalikuwa ni maji yaliyojaribu kuondoka yakakuta mlango umefungwa. Nilitikisa karatasi, yakanyesha. Mvua ndogo, chini ya nailoni, katika mwaka ambao Nairobi nzima ilikuwa ikiomba mvua. Nilimwita Madam aje aone, tukawa tunatikisa wote wawili, mtu mzima na mtu mzima. Mstari wa vigae haukusogea wiki ile, wala iliyofuata. Na maji yalikuwa na joto. Mgongo wa Madam uliyafurahia kuliko yeye.

Sasa sikilizeni kosa langu, kwa sababu ni kosa ambalo mtu wa Kawangware atalifanya kabla ya mtu mwingine yeyote. Sisi tumelelewa tukijua kwamba maji yaliyofunikwa ni maji salama. Ukifunika mtungi, umemaliza. Basi nilifunika, nikaacha kupima. Nilitia klorini kiasi kile kile cha siku zote, nikafunika, nikaenda. Lakini ile klorini ya siku zote ilikuwa na sehemu ya jua ndani yake, na sasa jua halikuwa likila tena. Kila jioni niliongeza juu ya iliyobaki. Wiki ya tatu Madam alitoka majini macho mekundu kama pilipili, ngozi inamwasha, na nguo yake ya kuogelea ya buluu imepauka mabegani. Nilikimbilia vichupa. Matone ya manjano hayakutoa manjano, yalitoa rangi ya chungwa iliyokolea kuelekea kahawia. Sijawahi kuiona rangi hiyo kabla wala baada.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Nilikunja karatasi yote saa sita mchana, nikawasha pampu, nikaliachia jua lifanye kazi yake, hakuna kuogelea mpaka kichupa kirudi rangi yake. Lile lile jua. Basi shikeni haya: mkifunika, pimeni kwanza, kisha mpunguze. Pampu izunguke hata kama maji yamefunikwa, la sivyo ukijani wa mwani utaanzia pembeni, kwa kuwa unapenda joto. Fungueni mara mbili kwa wiki maji yapumue. Mkifunua mkakuta harufu kali ya kuchoma pua, msidhani dawa imezidi. Mara nyingi ni uchafu wa jasho umeshikana na dawa na umekosa pa kutokea. Pimeni. Na siku mtakayotia dawa nyingi kwa ajili ya ukijani, msifunike hadi kesho yake, maana itakula kifuniko chenyewe.

Na jambo la mwisho juu ya karatasi hiyo, ambalo ni kubwa kuliko yote. Mvua zilipokuja, maji yalituama juu yake, na mbwa wa Madam akadhani ni sakafu. Alipokanyaga, karatasi ilimfunika ikamkunja. Niliingia na nguo zangu zote, nikamtoa akiwa hai. Kifuniko cha kuelea hakibebi mtu wala mnyama. Asiogelee mtu kikiwa kimefunuliwa nusu. Kiondoeni chote au kiacheni chote.

Nirudi kwenye ile siku ya macho mekundu. Nilitarajia kufukuzwa. Madam alikuwa ameketi na kitambaa chenye maji baridi usoni, akaniuliza bila kukiondoa, "Ouma angefanya aje?"

"Angepima kwanza, Madam."

Alikiondoa kitambaa usoni. "Kesho Jumamosi," alisema. "Nipeleke kwake."

Tuliacha gari barabarani tukaingia Kambi Muru kwa miguu, yeye akitazama anapokanyaga. Mzee Ouma alikuwa mlangoni pake akigonga bati. Alipomwona alisimama, goti likamsumbua, akajishikilia kwenye nguzo ya mlango. Mke wake alitoka akasimama kando yake akiwa amekunja mikono.

"Mzee Ouma," Madam alisema, "nilikukosea. Maji ilikuwa inaenda juu. Nimepima mwenyewe."

"Ulipima na ndoo?"

"Na ndoo."

"Zikashuka sawa?"

"Sawa kabisa."

Mzee aliitikia kwa kichwa, polepole, kama fundi anayepokea jibu la fundi mwenzake. Madam alimwomba arudi kazini. Alikataa kwa upole, akasema goti haliwezi tena ile safari.

"Lakini kuna kitu moja," alisema. "Wale watu uliwapigia simu wakati huo. Wapigie tena."

Madam alitoa simu pale pale. Alisimama katikati ya majiko, jua la mchana likimpiga, akampigia wa kwanza, akamwambia kwamba Ouma hakuwahi kuiba maji, kwamba yeye ndiye aliyekosea. Akapiga wa pili. Mke wa Mzee Ouma alikunjua mikono, akaketi kizingitini, akafunika uso kwa leso.

Mimi sikuweza kusimama tena na lile neno langu. Madam akiwa kwenye simu ya tatu, nilichutama kando ya kibao chake.

"Mzee, mimi ndiye nilisema ile mambo ya ndoo. Madam aliniuliza, nikasema imefunikwa. Na baadaye nikajua ilikuwa empty, na nikanyamaza."

Alikuwa ameketi tena, akinyoosha kipande cha bati kwenye paja lake. Hakuacha.

"Najua. Nilikuwa kwa chumba ya pampu, hapo nyuma ya jikoni, nafunga valvu. Nilisikia."

Nilihesabu nyuma. Alikuwa amejua siku ile alipotoka na viatu mkononi. Alijua ile Jumapili nilipokuja mikono mitupu, nikaketi kwenye kibao chake, nikanywa chai ya mke wake, akanichorea ndoo kwa mkaa ili niokoe kazi ambayo ilikuwa yake.

"Sasa mbona ulinisaidia, Mzee?"

"Ulikuja kuniuliza maji," alisema. "Nikakujibu maji."

Nilianza kulia, nami si mtu wa kulia hadharani. Nikamwomba msamaha huku pua ikinitoka, na sijui kama alielewa nusu ya nilichosema. Alinisubiri nimalize. Kisha akaniuliza kama, tangu nifunike, nimepunguza klorini.

Nikamwambia sikupunguza, ila sasa nitatia nusu.

"Punguza tena kidogo," alisema. "Alafu upime baada ya siku mbili, uniambie."